Uziwi umejirudia katika ukoo: mwanzie nasaba, kipimo cha masikio au kipimo cha jeni?

Nyumba yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, imepakana na msikiti, na kipaza sauti kimeelekea dirisha la chumba cha watoto. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa akiamshwa na adhana ya alfajiri karibu kila siku. Wa pili alilala fofofo mpaka jua linapanda. Tukamsifu: mtoto mtulivu, hana usumbufu. Alipofika mwaka na nusu bila neno hata moja tukampeleka zahanati, tukaambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema, tungoje. Tukangoja. Alishapita miaka miwili tulipojua kwamba hasikii.

Hapo ndipo ilipoanza kesi ya ukoo. Mimi na mke wangu ni watoto wa ndugu wawili wa kiume. Shangazi yetu, dada wa baba zetu, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anaishi Muheza, anauza machungwa, ameolewa na kiziwi mwenzake, na watoto wao wanne wote wanasikia. Ushahidi huo umekaa mbele ya macho ya kila mtu, lakini bado wako waliosema uziwi wa mwanangu umetoka Pangani kwa mama mkwe wangu. Mzigo wa namna hii hutafutiwa mwanamke wa kuubeba.

Sasa mdogo wangu amepeleka posa kwa binti wa ami mwingine, na maswali yamerudi barazani. Wapimwe? Wapimwe nini hasa? Waende hospitali ya Bombo, Dar, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaandike yote mahali pamoja, kwa ajili ya familia zilizokwama pale tulipokwama sisi.

Sikoseli kwanza, masikio baadaye

Mtu wa Tanga asiyejua neno jeni huenda anaijua sikoseli. Jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Baba mzima, mama mzima, kila mmoja ni mbebaji: ana nakala moja yenye kasoro na nyingine iliyo sawa. Mtoto akipewa ile yenye kasoro na wote wawili, anaugua. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4, na mimba iliyotangulia haipunguzi wala haiongezi chochote kwa inayofuata.

Uziwi wa kurithi, ule usioambatana na maradhi mengine, kwa sehemu kubwa hufuata njia hiyo hiyo: kati ya kesi 100, 75 hadi 80 hutoka kwa wazazi wawili ambao ni wabebaji tu, nao wanasikia vizuri. Ndiyo maana ukoo unaweza kukaa vizazi vitatu bila kiziwi, kisha akazaliwa mmoja na watu wakaanza kutafuta mchawi. Kesi zilizobaki nyingi hutoka kwa mzazi mmoja ambaye naye hasikii vizuri, na hapo nafasi ya kila mtoto ni 1 kati ya 2. Chache hupitia kwa mama: ama kwa watoto wa kiume hasa, ama kwa watoto wake wote kupitia vile viini vya nishati vya seli, mitokondria, ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake.

Hapa sasa sikoseli na uziwi vinaachana. Sikoseli ni kasoro ya jeni moja. Uziwi una jeni zaidi ya 100, na kasoro katika yoyote kati ya hizo inaweza kuuleta. Shangazi na mumewe wakiwa na kasoro za jeni tofauti, kila mtoto wao anapata nakala nzima ya kila jeni kutoka kwa mzazi mmojawapo, na anasikia. Wengine walidhani watoto wale ni muujiza, kumbe ni hesabu.

Na uziwi mwingine haukurithiwa kabisa. Homa ya uti wa mgongo, rubela wakati wa mimba, manjano makali ya mtoto mchanga, kuzaliwa njiti, surua, matubwitubwi, usaha wa sikio usiotibiwa, sindano za dawa fulani: yote haya huharibu usikivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba visa karibu 60 kati ya 100 vya watoto kupoteza usikivu vingeweza kuzuilika. Kwa hiyo kabla ya kuulizana kaleta nani, ulizeni kama kuna aliyeleta.

Nitalinganisha kwa vipimo gani

Njia ziko nne: kuchora nasaba na kuketi na daktari, kupima masikio, kupima jeni moja, kupima jeni nyingi kwa pamoja. Kila moja nitaiuliza maswali yale yale: inajibu nini, inawataka nini, inaweza kuwadanganya wapi, inamgusa nani mwingine, na inamfaa nani. Bei sitaandika, maana hubadilika na hutofautiana baina ya hospitali. Ila mtakapouliza bei, ulizeni pamoja na nauli. Kutoka stendi ya Kange mpaka Dar ni kama kilomita 350, na mtoto haendi peke yake.

Njia ya kwanza: nasaba

Inajibu nini. Inaonyesha namna uziwi unavyotembea katika ukoo. Chukueni karatasi kubwa, mchore vizazi vitatu angalau: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari mmoja kwa ndoa na mistari miwili kwa ndoa ya ndugu wa damu. Asiyesikia mtieni rangi. Uziwi ukionekana katika kila kizazi, wazeni urithi wa mzazi mmoja. Ukitokea kwa ndugu wa tumbo moja huku wazazi wanasikia, wazeni wabebaji wawili. Wakiathirika watoto wa dada na dada, bila hata mmoja kwa watoto wa kaka zao, angalieni upande wa mitokondria.

Rangi peke yake haitoshi. Pembeni ya kila jina andikeni mambo ambayo watu huyaona lakini hawayahusishi na masikio. Je, kiziwi huyo haoni vizuri usiku, anajikwaa magharibi ikiingia? Upo urithi unaochukua usikivu kwanza na macho baadaye, unaitwa Usher. Ana rovu shingoni? Huenda ni Pendred. Ana shungi la mvi tangu utotoni au macho ya bluu katika uso mweusi? Hiyo ni Waardenburg. Mtoto wa namna hiyo huogopwa bure mtaani. Ana damu kwenye mkojo, au kuna ndugu aliyekufa kwa figo akiwa kijana? Alport. Na lililo zito kuliko yote: je, yupo mtoto kiziwi aliyewahi kuzimia ghafla akikimbia, akishtuka au akilia, au aliyefariki hivyo? Madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, waliieleza hali hiyo mwaka 1957: uziwi pamoja na hitilafu ya umeme wa moyo. Kipimo chake cha kuanzia ni ECG, kile cha kubandikwa waya kifuani, na tiba ipo. Mwandishi wa makala hii angependa kila mtoto aliyezaliwa kiziwi apigwe ECG walau mara moja, hata kama familia haitaki kusikia habari za jeni.

Inawataka nini. Muda, karatasi, na bibi mwenye kumbukumbu. Kisha daktari wa masikio au wa watoto aliye tayari kuketi nanyi. Bombo, kama hospitali ya rufaa ya mkoa, ndiyo mlango wa kuanzia kwa sisi wa huku. Nendeni na karatasi imeshachorwa. Daktari mwenye foleni ya watu 40 mlangoni hana nafasi ya kumsikiliza shangazi akikumbuka.

Inaweza kuwadanganya wapi. Ukoo mdogo hauonyeshi kitu. Familia ya watoto wawili ikipata kiziwi mmoja, karatasi inabaki karibu tupu, na utupu huo si ushahidi kwamba hakuna urithi. Pia watu husema uongo. Mtoto aliyepewa ndugu amlee huandikwa wa kuzaa, ndoa ya zamani hufichwa, na kiziwi aliyefichwa ndani tangu utoto hatajwi kabisa. Sisi tulimjua mmoja wa namna hiyo msibani, si kwenye mahojiano.

Inamgusa nani. Wote, na hilo ni gumu. Karatasi ile ile inayomsafisha mama mkwe inaweza kumwonyesha mtu mwingine kidole. Nasaba yetu iliponyoosha mstari kupitia kwa baba zetu wote wawili, baraza lilinyamaza, kisha mtu akasema tunywe kahawa.

Faida yake nyingine ni hesabu, na hesabu ya mdogo wangu niifanye hapa, kwa sababu familia nyingi za mwambao zitajiona humo. Tuseme uziwi wa shangazi na wa mwanangu ni wa jeni moja, umepitia kwa babu na bibi mzaa baba. Kila ndugu wa shangazi anayesikia ana nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji. Baba yetu sasa hana tena mashaka, maana mimi nimezaa mtoto kiziwi, kwa hiyo ni mbebaji na nimeipata kwake. Mdogo wangu basi ana nafasi 1 kati ya 2. Baba wa binti ana 2 kati ya 3, binti mwenyewe 1 kati ya 3. Wote wawili kuwa wabebaji ni 1 kati ya 6, na mtoto wao kuwa kiziwi ni robo ya hapo: 1 kati ya 24. Akioa nje ya ukoo, tukichukua kwa mfano kwamba mtu 1 kati ya 50 ni mbebaji wa jeni hiyo, inakuwa 1 kati ya 400. Binamu nyama ya hamu, wanasema wahenga. Hamu ina bei yake, lakini tazameni pia kwamba watoto 23 kati ya 24 wangesikia. Mimi na mke wangu, ambao tumeshajulikana ni wabebaji, tuko kwenye 1 kati ya 4.

Inamfaa nani. Yeyote mwenye zaidi ya kiziwi mmoja katika ukoo, na kila anayefikiria kutoa fedha kwa njia ya tatu au ya nne. Anayeweza kuiruka ni mwenye mtoto ambaye sababu yake inajulikana bila shaka, kwa mfano aliyesikia na kusema vizuri mpaka alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu.

Njia ya pili: kupima masikio, jeni zisubiri

Inajibu nini. Mtoto huyu anasikia au hasikii, kiasi gani, na tatizo liko wapi. Haiwaambii kwa nini. Kwa kichanga kuna vipimo viwili vya kujua tofauti yake. Cha kwanza, OAE, ni kijiti laini kinachopachikwa sikioni: kinatoa mlio na kunasa mwangwi unaorudishwa na koklea, ile konokono ya ndani ya sikio. Ni dakika chache. Cha pili, ABR, hubandikwa vishikizo kichwani mtoto akiwa amelala, kikasoma kama mlio umefika kwenye shina la ubongo. Mtoto mkubwa hupimwa kwa kuonyesha kila anaposikia mlio.

Inawataka nini. Vifaa na mtaalamu, ambavyo hamvikuti kila kituo. Ulizeni kwa simu kabla ya kusafiri: kipimo kipo, mashine inafanya kazi, mtaalamu yupo siku hiyo? Mtoto aje na usingizi wake, hasa kwa ABR. Tulimwamsha wetu saa tisa usiku kwa ajili ya basi, akalala njia nzima, na alipofikishwa kwenye kipimo akawa macho kodo. Tukarudi wiki nyingine.

Kwa familia yenye uziwi, muda ndio kila kitu. Wataalamu wa usikivu wa watoto hulenga mwezi 1, miezi 3 na miezi 6: mtoto awe amechujwa kwa kipimo cha haraka, kisha awe amethibitishwa, kisha awe ameanza kusaidiwa. Msaada si lazima uwe mashine. Shimesikio, kile kifaa cha kukuzia sauti sikioni, ni msaada, upandikizaji wa kifaa cha koklea ni msaada, ambao Muhimbili waliuanza mwaka 2017, na Lugha ya Alama ya Tanzania ni msaada kamili unaojitegemea. Mtoto anataka lugha mapema, iingie kwa sikio au kwa jicho.

Inaweza kuwadanganya wapi. Mahali pawili. Uziwi mwingine wa kurithi huanza baadaye, kwa hiyo kichanga aliyefaulu leo si lazima afaulu akiwa darasa la pili. Na kuna uziwi ambao koklea inarudisha mwangwi sawasawa lakini ujumbe hauendi kwenye mshipa wa fahamu. Mtoto huyo hufaulu OAE na kufeli ABR. Hutokea baada ya manjano makali, na hutokea pia kwa kasoro ya jeni iitwayo OTOF. Ukoo ukiwa na viziwi, ombeni ABR hata kama OAE imesema salama.

Inamgusa nani. Mtoto anayepimwa, basi. Hakuna siri ya mtu inayofichuka. Kwa ndugu wengi hiyo ndiyo sifa yake kubwa, na siwalaumu.

Inamfaa nani. Wale ambao jibu la jeni lisingebadilisha uamuzi wao wa kuoana wala kuzaa. Wapo wengi: wanaosema mtoto ni riziki, akija asiyesikia atalelewa, na wazazi viziwi ambao kwao mtoto kiziwi si msiba hata kidogo. Shangazi alipoulizwa kama angependa apimwe, alimjibu mkalimani wake kwa alama mbili tu, na mkalimani akacheka kabla ya kututafsiria: "Mnanitafutia ugonjwa?"

Njia ya tatu: jeni moja, au badiliko moja

Inajibu nini. Je, mtu huyu ana kasoro hii tunayoishuku? Ndiyo au hapana. Jeni inayotajwa kuliko zote ni GJB2, iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Inatengeneza protini ya vipenyo vinavyounganisha seli na seli ndani ya koklea, na uhusiano wake na uziwi wa kurithi ulijulikana mwaka 1997. Ulaya na Mashariki ya Mbali ndiyo sababu kubwa ya uziwi wa kuzaliwa, kiasi kwamba maabara nyingi huanza nayo.

Kwetu mambo si hayo. Kusini mwa Sahara GJB2 ni sababu ya nadra, isipokuwa sehemu chache. Mfano maarufu ni kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, ambako badiliko moja la jeni hiyo limewapa viziwi vizazi kwa vizazi, na kijiji kikatunga lugha yake ya alama. Kwa familia ya Kidigo, Kibondei au Kizigua, kulipia GJB2 peke yake ni kama kutafuta ufunguo chini ya taa kwa sababu tu hapo pana mwanga. Lakini Tanga ni mji wa bandari. Familia yenye asili ya Kihindi, ambako badiliko liitwalo W24X ni la kawaida miongoni mwa wenye uziwi wa GJB2, au yenye damu ya Uarabuni, ina sababu nzuri zaidi ya kuanzia hapo.

Badiliko jingine linalostahili kupimwa peke yake liko kwenye mitokondria, mahali panapoitwa 1555. Lilielezwa mwaka 1993. Mwenye nalo anaweza kusikia vizuri maisha yake yote mpaka achomwe dawa za kundi la jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini au amikasini, kisha usikivu ukaondoka, hata kwa dozi ya kawaida. Ukoo ambao ndugu wawili watatu wa upande wa mama "waliharibiwa na sindano" usiupuuze usemi huo. Mwambieni daktari mapema, kabla mtoto hajaugua, ili achague dawa nyingine inapowezekana. Mtoto akiwa mahututi na dawa iliyopo ni hiyo, msiikatae kwa kusoma makala: maambukizi ya damu ya kichanga huua.

Inawataka nini. Damu kidogo au mate, na maabara inayofanya kipimo hicho. Ni njia nafuu kuliko ya nne, na majibu yake husomeka kirahisi.

Inaweza kuwadanganya wapi. "Hapana" yake hueleweka vibaya. Haisemi uziwi si wa kurithi. Inasema si huu. Zimebaki jeni zaidi ya 100 hazijaguswa.

Inamgusa nani. Likipatikana badiliko la mitokondria, mama, dada zake na watoto wao wote wamehusika papo hapo, na wanastahili kuambiwa kwa sababu ya sindano. Ikipatikana kasoro ya GJB2 kwenye nakala zote mbili za mtoto, kwa kawaida wazazi wote wawili ni wabebaji, na ubishi wa Pangani umekwisha.

Inamfaa nani. Familia ambayo kasoro yake imeshajulikana kwa ndugu mwingine, ikabaki kuthibitisha kwa huyu. Pia yenye historia ya sindano, na zile nilizozitaja za asili ya ng'ambo.

Njia ya nne: jeni nyingi kwa pamoja

Inajibu nini. Inasoma jeni zote zinazojulikana za uziwi kwa mkupuo mmoja. Ikipata, inaweza kuwapa mambo ambayo njia nyingine haziwezi: nafasi halisi ya mimba ijayo, onyo la macho au moyo kabla dalili hazijaanza, na makadirio ya namna mtoto atakavyonufaika na kifaa cha koklea. Kwa kasoro ya OTOF kuna zaidi: watafiti wa China walichapisha mwaka 2024 matokeo ya watoto waliotiwa nakala nzima ya jeni hiyo sikioni, na wengi wao wakaanza kusikia. Hayo yalikuwa majaribio, wala hayakuzihusu jeni nyingine, lakini bila kujua jeni huwezi hata kuuliza.

Inawataka nini. Fedha nyingi kuliko njia zote, subira ya wiki au miezi, na mara nyingi sampuli kusafirishwa. Sampuli nayo ina sheria: Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamia nani achukue na nani apime. Kwa hiyo pitieni kwa daktari, msitume mate kwa posta kwa tangazo mliloliona kwenye simu.

Hapa niondoe mkanganyiko mmoja wa barazani. Ile DNA inayovuma magazetini, ya Mkemia Mkuu, hulinganisha alama za mtoto na za wazazi kujua ni wake nani. Haisomi jeni za usikivu. Anayekwenda huko kutafuta chanzo cha uziwi amekosea mlango, na anaweza kurudi na kesi nyingine.

Inaweza kuwadanganya wapi. Kwanza, kutopata. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 1,119 wenye upungufu wa usikivu, ulipata sababu kwa 39 kati ya kila 100. Kwa wenye asili ya Kiafrika ilikuwa karibu robo tu. Jeni zetu hazijachunguzwa vya kutosha, na jeni isiyojulikana haisomeki hata ukilipa vipi. Pili, kupata kitu kisichoeleweka: maabara huandika kwamba wameona badiliko lakini hawajui kama lina madhara. Jibu hilo si ndiyo wala hapana, na msiruhusu mtu avunje uchumba kwa ajili yake.

Inamgusa nani. Ili kusoma majibu ya mtoto vizuri, maabara huomba sampuli za baba na mama. Hapo linaweza kujitokeza lile ambalo hakuna aliyeuliza, kwamba baba wa karatasini siye. Ulizeni kabla ya kutoa damu: likionekana jambo la namna hiyo, ataambiwa nani? Daktari mzuri atakuwa na jibu tayari. Kama ana haraka ya kuchoma sindano kuliko kulijibu swali hilo, ahirisheni.

Inamfaa nani. Wazazi wenye mtoto kiziwi wanaotaka wengine na ambao jibu litaathiri uamuzi wao. Mtoto anayeandaliwa kwa kifaa cha koklea. Familia yenye dalili za macho, figo au moyo. Na ukoo wenye ndoa nyingi za mabinamu, maana hapo mtoto hupata nakala mbili zinazofanana na kasoro huonekana kirahisi zaidi.

Mkiwa katika hali hii, anzieni hapa

Mnatarajia mtoto na kuna kiziwi katika ukoo: pangeni kipimo cha masikio sasa, kabla hajazaliwa, na muulizie ABR. Nasaba mnaweza kuichora huku mkisubiri. Jeni si za wakati huu, isipokuwa kama kuna historia ya sindano upande wa mama.

Mna mtoto kiziwi mmoja na hamna historia yoyote: rudini kwenye kadi ya kliniki na kumbukumbu za mimba, mtafute manjano, homa, njiti, dawa. ECG. Kisha jiulizeni kama mnataka mtoto mwingine na kama jibu lingewabadilisha. Kama ndiyo, wekeni akiba kwa njia ya nne badala ya kutawanya fedha kwenye jeni moja moja. Kama hapana, fedha hiyo hiyo inalipia shimesikio na nauli za kujifunza alama.

Nyote wawili ni viziwi na mnataka kuoana: nasaba inatosha kwa wengi. Mnaweza kuzaa wanaosikia wote, au viziwi wote, kutegemea kama kasoro zenu ni za jeni moja. Mnaotaka kujua, njia ya nne. Msiotaka, hamna deni kwa mtu.

Kijana ameanza kupoteza usikivu akiwa na miaka 20 na kitu, na baba yake alianza hivyo hivyo: kipimo cha masikio kila mwaka, na nasaba. Mtazameni pia kazi yake. Kelele za mashine humaliza haraka kilichobaki.

Mabinamu wenye posa mezani, kama mdogo wangu: nasaba kwanza, na ipigwe hesabu kama ile ya juu na mtu anayeijua. Kisha apimwe yule ambaye tayari ni kiziwi, si wachumba. Kasoro ikipatikana kwake, wachumba hupimwa badiliko hilo moja tu kwa njia ya tatu, na "hapana" yao hapo huwa na maana. Ikikosekana, kuwapima wachumba jeni zote ni kuwatafutia usingizi mbaya.

Kwetu, aliyetoa damu ni mwanangu. Sampuli imeondoka, majibu bado. Mdogo wangu na binti wa ami wameamua tarehe ya harusi haitasogezwa, wala mtoto wao wa kwanza hatasubiri adhana kupimwa masikio. Shangazi ameshatuma salamu kwamba machungwa ya shughuli ni juu yake.